Mtawa wa Njegere na Lawama ya Kuzaa Mabinti

Lugha hufichua mengi ambayo wenyewe hatukukusudia kuyasema. Katika Kiswahili, mkono wa kulia huitwa pia mkono wa kuume, na ule wa kushoto ukaitwa wa kuke. Upande wenye nguvu ukapewa mume, na upande dhaifu ukaachiwa mke. Neno mbegu nalo, tunalolitumia kwa punje ya mahindi, ndilo hilo hilo tunalolitumia kwa manii ya mwanamume, kana kwamba mume ndiye mpanzi na mke ni udongo tu unaopokea. Ajabu ni kwamba picha hii haifuatwi hadi mwisho wake. Aliyepanda kunde haulaumu udongo kwa kutoota mahindi, lakini mke akijifungua mabinti watatu au wanne mfululizo, ni udongo unaolaumiwa, na mpanzi huenda kutafuta shamba jingine.

Hapa Komarock, kama katika mitaa mingine ya Eastlands jijini Nairobi, jambo hili si hadithi ya zamani. Yapo majumba ya kupanga ambamo mwanamke huitwa asiye na mtoto ilhali ana mabinti wanne wenye afya na akili. Yapo mabaraza ya ukoo yanayoketi siku ya Jumapili kumshauri mume aoe tena ili jina lisizame. Wanaoshauri hivyo si washenzi wala wajinga. Wengi wao wamesoma hadi shule ya upili na baadhi yao wana shahada.

Sasa tazama yanayotendeka nje ya majumba hayo hayo. Katika vipande vya ardhi vilivyosalia kati ya ukuta na barabara, wakazi hupanda sukuma wiki, matango na mipapai. Mpapai ukichanua na kudhihirika kuwa dume, hukatwa bila huruma, kwa kuwa hautazaa. Naye aingiaye katika duka la agroveti kutafuta mbegu za matango ya kukuza katika kivungulio ataelezwa kwamba zipo aina zilizozalishwa makusudi ili kila mche utoe maua ya kike matupu, au takriban yote, kwa kuwa ua la kike ndilo linalogeuka kuwa tunda. Mbegu hizo ni ghali, na mkulima huzilipia kwa furaha. Shambani tunalipa ili kupata majike. Nyumbani tunamwadhibu mama kwa kutuletea.

Ili kuelewa jinsi mbegu za namna hiyo zinavyopatikana, na kwa nini maelezo yake yanaibomoa lawama tunayowatwika wake zetu, inatupasa kuyarejea maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana na kila aliyesoma baiolojia katika shule zetu za upili, ingawa aghalabu tunalikariri ili kupita mtihani na kulisahau siku inayofuata. Mtu huyo ni Gregor Mendel.

Alizaliwa mnamo Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, jimbo la Silesia, lililokuwa chini ya Milki ya Austria. Leo kijiji hicho huitwa Hynčice nacho kimo katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimwita Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo ambaye kwa sheria za wakati huo alilazimika kumfanyia kazi mwenye ardhi siku tatu za kila juma. Msomaji aliyesikia masimulizi ya wazee wetu juu ya kazi za kulazimishwa enzi za walowezi hahitaji kuelezwa maisha hayo yalikuwaje. Hata hivyo, Mzee Anton aliipenda miti ya matunda, na mwanawe alijifunza kwake kuunganisha vipandikizi na kuilinda michanga dhidi ya baridi.

Katika familia hiyo Johann alikuwa mwana wa kiume wa pekee, kati ya dada wawili. Kwa kawaida ya nchi ile, na ya kwetu pia, angetarajiwa kulirithi shamba. Mnamo 1838 gogo la mti lilimwangukia baba yake na kumjeruhi vibaya, na tegemeo la karo likakatika. Kijana huyo wa miaka 16 akaanza kujilipia masomo kwa kuwafundisha wenzake, akala kwa shida, akaugua mara kwa mara. Aliyemwokoa alikuwa dada yake mdogo, Theresia, ambaye alikubali kuitoa sehemu ya mali aliyotengewa na wazazi kwa ajili ya ndoa yake ili kaka yake aendelee na masomo. Mendel hakulisahau deni hilo. Baadaye aliwasomesha wana wa dada yake huyo. Elimu ya urithi ambayo dunia nzima inaitumia leo ina deni kwa binti mmoja wa mkulima maskini, na hilo peke yake lingetosha kumnyamazisha anayedai kwamba binti hana faida kwa ukoo wake.

Mnamo 1843 kijana huyo alijiunga na monasteri ya Mtakatifu Tomaso ya shirika la Waagustino katika mji wa Brno, akapewa jina la Gregor. Monasteri hiyo haikuwa mahali pa sala pekee. Abate wake, Cyrill Napp, alikuwa mtu wa elimu aliyependezwa na ufugaji wa kondoo na uzalishaji wa mimea, na swali la nini hasa kinachorithiwa kutoka kwa wazazi lilikuwa likizungumzwa katika duru zake. Mendel alipata upadri mnamo 1847, lakini kazi ya kuwatembelea wagonjwa mahututi ilimtia huzuni hadi yeye mwenyewe akaugua. Abate akatambua kwamba mahali pake ni darasani, akampeleka kufundisha.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo wazazi na wanafunzi wa nchi hii, tunaoabudu vyeti, tungefanya vyema kulitafakari. Mnamo 1850 Mendel alifanya mtihani wa kuthibitishwa kuwa mwalimu, akaanguka, na miongoni mwa yaliyomwangusha ni elimu ya viumbe. Abate hakumtupa. Alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna, ambako kati ya 1851 na 1853 alisoma fizikia kwa Christian Doppler na elimu ya mimea kwa Franz Unger. Huko alijifunza hisabati ya michanganyiko, na namna ya kuliuliza swali moja kwa wakati mmoja. Mnamo 1856 aliujaribu tena mtihani ule, na kwa mara nyingine hakufaulu. Alibaki mwalimu wa muda. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: mwaka huo huo wa 1856 alianza majaribio yake katika bustani ya monasteri, yenye urefu wa takriban mita 35 na upana wa mita 7.

Alichagua njegere, au minji kama tunavyoziita Nairobi, na uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha. Alinunua aina 34, akazijaribu kwa miaka miwili kuhakikisha kwamba kila aina huzaa mfano wake, kisha akabaki na 22. Ua la njegere lina sehemu ya kike na ya kiume pamoja, na hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Kwa hiyo Mendel alilazimika kulifungua kila ua likiwa bado changa, kung'oa sehemu zinazotoa chavua, yaani kulihasi ua hilo libaki jike tupu, kisha kulipaka chavua ya mmea aliouchagua na kulifunika kwa kifuko ili wadudu wasimharibie hesabu. Kazi hiyo aliirudia kwa miaka 8. Mbinu hiyo ya kuhasi ndiyo inayotumika hata leo katika mashamba ya mbegu chotara za mahindi, zilizoanza kuenea nchini kutoka Kitale mnamo miaka ya 1960: mistari ya majike hukatwa mbelewele, yaani maua ya kiume yaliyo juu ya mhindi, ili mbegu itakayovunwa iwe na mama anayejulikana na baba anayejulikana.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba sifa za wazazi huchanganyika kama maziwa na chai, na kwamba kilichochanganyika hakitenganiki tena. Mendel alichavusha njegere zenye mbegu za mviringo kwa zile zenye mbegu za mikunjo. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha mviringo kitupu. Mikunjo ilionekana kama iliyokufa. Alipokiacha kizazi hicho kijichavushe, mikunjo ilirudi: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 za mikunjo. Akajaribu rangi, akapata mbegu 6,022 za manjano na 2,001 za kijani. Alichunguza sifa 7, katika mimea zaidi ya 10,000, na kila mara uwiano ulikuwa takriban tatu kwa moja. Akahitimisha kwamba sifa hubebwa na vipashio vilivyo viwiliviwili, kimoja kutoka kwa kila mzazi, ambavyo havichanganyiki bali hutengana tena wakati wa kuunda chavua na mayai. Leo vipashio hivyo tunaviita jeni.

Katika matokeo hayo lipo moja ambalo walimu wetu hulipita haraka, nalo ndilo lenye uzito zaidi kwa mjadala wetu. Mendel aliyafanya majaribio yake kwa pande zote mbili. Mara aliifanya aina ya mviringo kuwa mama na ya mikunjo kuwa baba, na mara akabadilisha. Matokeo hayakutofautiana. Tangu siku za Aristotle palikuwapo dhana kwamba baba hutoa umbo na mama hutoa malighafi tu; na katika karne ya 17 walikuwapo waliosadiki kwamba mtoto mzima amejikunja ndani ya mbegu ya mume. Hesabu za mtawa huyu zilionyesha kwamba mama na baba huchangia sawa kwa sawa. Mama si udongo. Yai lake ni nusu ya mbegu.

Mnamo Februari na Machi 1865 aliyasoma matokeo hayo mbele ya Chama cha Elimu ya Viumbe cha Brno, na mnamo 1866 yakachapishwa. Aliagiza nakala 40 za makala yake ili kuwapelekea wataalamu. Kilichofuata ni kimya. Mtaalamu mmoja maarufu, Carl Nägeli wa Munich, alimjibu, akaandikiana naye hadi 1873, lakini hakuuelewa uzito wa alicholetewa. Alimhimiza aifanyie kazi mimea ya maua ya manjano iitwayo Hieracium. Bila ya wote wawili kujua, mimea hiyo ina tabia ya kutunga mbegu pasipo kuchavushwa, hivi kwamba watoto ni nakala ya mama. Kanuni za njegere zilikataa kujitokeza, na Mendel akajiumiza macho bure juu ya viua vidogo mno. Siri hiyo iligunduliwa mwanzoni mwa karne ya 20, yeye akiwa kaburini.

Lakini katika barua aliyomwandikia Nägeli mnamo Septemba 1870 limo jambo ambalo mimi hulihesabu miongoni mwa hoja zake za busara zaidi. Alikuwa amezalisha chotara za mmea uitwao Lychnis, ambao kama mpapai una mche wa kike na mche wa kiume mbali mbali. Kati ya mimea 203 iliyochanua, 151 ilikuwa ya kike na 52 ya kiume. Mendel aliitazama hesabu hiyo akajiuliza kama ni sadfa tu, au kama kuwa jike na kuwa dume nako kunafuata kanuni zile zile za mviringo na mikunjo. Hakuna mtu kabla yake aliyeliuliza swali hilo kwa namna hiyo. Jinsia, ambayo watu waliihusisha na mwezi, chakula, maombi, laana na ulegevu wa mama, yeye aliiweka katika daftari la hesabu.

Hakupata nafasi ya kulijibu. Mnamo 1868 alikuwa amechaguliwa kuwa abate, na mzigo wa utawala ulimwondoa bustanini. Mnamo 1874 serikali ilipitisha sheria ya kuzitoza monasteri kodi. Aliiona kuwa dhuluma, akaikataa peke yake hata wenzake walipokubali, na mgogoro huo ukammaliza nguvu. Alifariki tarehe 6 Januari 1884 akiwa na umri wa miaka 61. Kinanda katika mazishi yake kilipigwa na Leoš Janáček, aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri wa muziki. Watu wa Brno walimlilia padri mkarimu aliyependa nyuki na maua. Karatasi zake nyingi zilichomwa moto, na hapana aliyedhani kwamba amezikwa mwanasayansi mkubwa.

Mnamo 1900 wataalamu watatu, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, wakiwa katika nchi mbalimbali, walitangaza matokeo yaliyolingana na yake, na jina lake likafufuka. Ni Correns aliyelichukua swali la jinsia na kulijibu. Mnamo 1907 alieleza majaribio yake juu ya Bryonia, mmea mtambaazi wa jamii moja na matango na maboga. Aina moja ya mmea huo ina michanga ya kike na ya kiume mbali mbali, na nyingine huchanganya maua ya kike na ya kiume katika mche mmoja. Alipolichavusha jike la aina ya kwanza kwa chavua ya aina hiyo ya pili, alipata watoto wa kike watupu. Alipoichukua chavua ya dume la aina ya kwanza na kuipaka katika mama wa aina ya pili, nusu ya watoto ikawa ya kike na nusu ya kiume. Maana yake ilikuwa bayana: chavua ya dume ilikuwa ya namna mbili, moja ya kuleta majike na moja ya kuleta madume. Mayai ya mama yalikuwa ya namna moja tu.

Miaka miwili kabla yake, mnamo 1905, mwanamke mmoja wa Marekani, Nettie Stevens, aliyekuwa akichunguza funza wa unga kwa hadubini, aliona kwamba mbegu za dume ni za namna mbili, zenye kromosomu kubwa na zenye kromosomu ndogo, na kwamba hiyo ndogo ndiyo inayoandamana na kuzaliwa kwa dume. Kwa binadamu mambo ni hivyo hivyo. Mama ana kromosomu mbili za X, na hawezi kumpa mtoto isipokuwa X. Baba ana X na Y, naye hutoa moja kati ya hizo.

Sasa turudi kwenye mbegu ya tango. Mzalishaji mbegu huwa na mimea itoayo maua ya kike peke yake, naye anataka watoto wao wawe hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba majike matupu hayana chavua. Basi huinyunyizia baadhi ya mimea hiyo chumvi ya madini ya fedha, au homoni ya mimea, nayo hulazimika kutoa maua ya kiume. Chavua ya maua hayo imetoka katika mwili wa jike na imebeba urithi wa kike mtupu, kwa hiyo mbegu zinazotungwa huwa za kike. Zingatia vyema alichofanya mtaalamu huyu. Alipotaka majike matupu hakuubadilisha udongo, wala hakulilaumu yai. Alikwenda kuibadilisha chavua.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba sasa lawama ihamishiwe kwa baba. Baba hachagui ni mbegu gani itakayotangulia kufika, kama vile arushaye sarafu asivyochagua upande utakaoangukia. Wastani ni takriban nusu kwa nusu, na katika kila familia 16 zenye watoto wanne, yapata moja itakuwa na mabinti watupu, na nyingine moja itakuwa na wavulana watupu. Wala maumbile hayana kanuni moja kwa viumbe vyote: kwa kuku, mtetea ndiye mwenye mayai ya namna mbili, kwa hiyo jogoo hana la kujibu. Lakini kwa mpapai, na kwa binadamu, mama hana kitu cha kiume cha kumpa mtoto. Kumfukuza mke kwa kukosa kuzaa mvulana ni kumdai mtu deni la fedha ambayo haikupata kuwamo mfukoni mwake.

Yote haya yamo katika vitabu vya shule. Kasoro yetu ni kwamba tumeyafungia humo. Mwalimu wa baiolojia huchora X na Y ubaoni, mwanafunzi hupata alama zake, kisha baada ya miaka kumi huketi katika baraza la ukoo na kunyamaza wakati dada yake anapohukumiwa. Wachungaji, maimamu, wauguzi wa kliniki za waja wazito na wazee wa mitaa wangeweza kulisema jambo hili kwa dakika tano, kwa lugha ya mpapai ambayo kila mtu anaielewa.

Sisi tunaoishughulikia lugha nasi tuna wajibu wetu. Kiswahili hakikosi nyenzo. Wahenga waliotuachia mkono wa kuume ndio waliotuachia pia ndugu wa kuumeni na ndugu wa kukeni, wakikiri kwamba ukoo una pande mbili. Basi tuache kuiita ya mume mbegu na ya mke udongo. Ya mume ni chavua, ya mke ni yai, na mbegu ni mtoto wa hao wawili. Huko ndiko Mendel alikofika kwa kuhesabu njegere kwa miaka 8, na binti anayezaliwa leo katika wodi yoyote ya Nairobi anastahili kupokelewa na watu wanaolijua hilo.